Jeep Tuliyoiacha Dubai

Watoto wangu wakikutana hapa nyumbani, siku za Noeli au siku za matanga, hawakawii kuanza maneno ya magari. Mkubwa anasema mtu mwenye familia anunue jeep, ile kubwa ya safu tatu za viti, ipande mlima, ivuke tope, na kila mtu apate pa kukaa. Mdogo wake anamcheka. Yeye anataka gari ya mbio, ile inayolala chini karibu na udongo, ukiikanyaga kidogo tu inanguruma na watu wa barabarani wote wanageuza shingo. Wanabishana mpaka bukari, ugali wetu, inapoa. Halafu mmoja wao anakosea na kuniuliza mimi: "Mama, wewe unaona namna gani? Gani iko muzuri?"

Nawaambia wanyamaze, wale chakula. Mimi ni mwanamke wa mdomo, soko la Butembo linajua, nimeuza vikwembe, vile vitenge vya wamama, miaka mingi na sijapata mteja wa kunishinda kwa maneno. Lakini juu ya hayo magari nakasirika upesi, na wao wanafikiri ni uzee, mama hapendi tena kelele. Mambo yalipotokea walikuwa wadogo. Sisi wakubwa tulizoea kuisema ile habari kwa mafupi, kisha tunahamia kwenye mvua na bei ya maharagi. Basi leo niiseme kwa marefu, nimalizane nayo.

Vita ya kwanza ya nchi yetu ilikuwa imepita, ya pili ilikuwa haijafika kwetu. Mume wangu alikuwa na butike, duka la bidhaa, Butembo na depo ndogo Beni, na kama wafanyabiashara wote wa mji wetu waliokuwa na nguvu kidogo, alianza kwenda Dubai. Walikuwa wanajiunga watu kadhaa, wanajaza kontena moja, inapita baharini hadi Mombasa, halafu inapanda kwa barabara ya Uganda mpaka Kasindi. Pale kila mtu anatoa vitu vyake. Kabla ya safari ile tulikuwa tumekubaliana, yeye na mimi, tukiwa tumekaa kitandani na mlango umefungwa: safari hii ataleta jeep.

Haikuwa kwa kujionyesha. Mama yangu alikuwa anaishi Kalunguta, katika shamba lake la maharagi na ndizi, mjane, na miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Zamani alikuwa anatufikia kwa lori, amekaa juu ya magunia pamoja na wamama wengine, wanaimba njia nzima. Sasa hakuweza tena kupanda lori. Tulimjengea chumba nyuma ya nyumba yetu, chenye dirisha la upande wa jua la asubuhi, maana baridi ya Butembo ilikuwa inamtesa. Alikubali kuja, lakini kwa sharti lake: "Sitakuja kufungiwa kama kuku. Nitakuja kama munanirudisha mara kwa mara niangalie maharagi yangu." Basi jeep ndiyo ingekuwa miguu yake. Bila jeep, kile chumba kilikuwa ukuta na dirisha tu.

Na ilibidi iwe jeep, si gari yoyote tu, kwa sababu ambayo nyumbani hakuna aliyehitaji kuisema. Kwa wazee wetu, mama na mukwe wake mwanaume hawakaribiani. Mama yangu hakupata siku moja kumpa mume wangu mkono. Walisalimiana kwa mbali, yeye mlangoni, mume wangu mwisho wa uwanja, kila mmoja anaangalia chini. Chakula alikuwa anampikia kwa moyo wote, lakini anakituma kwa mtoto. Wakikutana njiani, mama anaingia kwenye majani mpaka mkwe apite. Msifikiri walichukiana. Walipendana sana wale wawili, na heshima hiyo ndiyo ilikuwa lugha yao. Sasa ndani ya jeep mambo yalikuwa mepesi: mume wangu kwenye usukani, mimi pembeni yake, mama kule nyuma kabisa, na watoto wote katikati kama ukuta. Wangeweza kusafiri namna hiyo mpaka Kisangani bila mtu kuona haya.

Siku mume wangu aliporudi na gari kutoka Kasindi tulisikia mlio kabla ya kuona kitu. Watoto walikimbia kwenye lango la parseli, kiwanja chetu. Mimi nilikuwa nimejifunga kikwembe kipya, nimekwisha kuwaambia majirani kwamba jeep inafika, upumbavu wangu. Ikaingia kitu cha manjano kama kiini cha yai, kifupi, tumbo linakwaruza mawe, milango miwili. Mume wangu akatoka humo kwa kujikunja, kama mtu anayetoka shimoni. Anacheka mpaka masikio.

Niliizunguka ile gari yote. Nikaangalia ndani. Viti viwili.

"Na jeep?" nikauliza.

"Mama batoto, sikia kwanza. Jeep ingekula kontena. Iko murefu, iko mupana, juu yake hapana kitu utaweka. Hii inalala chini! Nimepigisha mbao juu yake, nimepanga mabalo ya bikwembe mpaka juu kabisa, kwa plafond. Hapana nafasi hata ya panya."

"Na batoto utabapanga wapi? Kwa plafond?"

Watoto walicheka, yeye akacheka, mimi nikaingia ndani na kufunga mlango kwa nguvu. Lakini hebu nimwelezee, maana mtu asiye wa mji wetu atamwona mjinga, na mjinga hakuwa. Mfanyabiashara wa Butembo hawezi kuona nafasi tupu ndani ya kontena akalala usingizi. Ni kidonda kwake. Ndivyo baba zao walivyowafundisha: gari ikienda imejaa, irudi imejaa. Mwenzetu mwingine angezipima zile gari mbili kwa barabara, kwa tope, kwa idadi ya watoto. Yeye alizipima kwa kontena. Alisimama pale Dubai mbele ya jeep na mbele ya ile ya manjano, akaona hewa iliyo juu ya kila moja, akachagua yenye hewa nyingi. Vile vikwembe vilivyosafiri juu yake niliviuza mimi mwenyewe sokoni, na viliuzika vizuri sana. Hata hilo linaniuma.

Tukaanza kuishi na gari ya mbio. Ee Mungu! Siku ya misa mimi na yeye tunakaa ndani kama wafalme, watoto wanatembea kando, na wao ndio wanafika kanisani kwanza, maana yeye anakwepa kila shimo kama mtu aliyebeba mayai. Juu ya paa alifunga ubao wa kutandika kwenye mitaro. Tukifika penye mtaro, nashuka na kikwembe changu cha misa, naweka ubao, anavuka, naondoa ubao, napanda. Wamama wa soko waliniuliza kama nimeajiriwa kwa ujenzi. Nguvu zote zile ndani ya mota, na mbele yake mbuzi anavuka pole pole akitafuna.

Lakini niseme kweli. Kuna kipande cha barabara karibu na kuingia Beni, wakati wa jua, udongo umekauka na kushikana vizuri. Siku moja pale akaniambia, "Shika!" Akaikanyaga. Nilipiga kelele, kitambaa cha kichwa kikaruka dirishani, miti ikawa ukuta mmoja wa kijani, na nikacheka kama msichana. Tulirudi kukitafuta kitambaa tukiwa bado tunacheka. Siku hiyo niliipenda ile gari. Sisemi sikuipenda.

Noeli ilipofika tulienda nayo Kalunguta kumchukua mama. Mimi nilikuwa tayari kubaki kule, nipande lori kesho yake, ili yeye apate kiti, nikitumaini kwa Noeli atakubali. Mama alitoka, akajishikilia kwenye fimbo, akaiangalia kutoka mbele hadi nyuma.

"Hii ni gari ama ni kiatu?"

Kisha akafungua mlango, akachungulia ndani. "Na bengine banakaa wapi?"

"Ni biti biwili tu, mama."

Akafunga mlango taratibu, kama anayefunga mlango wa kanisa. Mume wangu alikuwa kule kwenye migomba, anajifanya kukagua mikungu, na anasikia kila neno.

"Mwana wangu," mama akasema, "mukwe wangu ni mutu muzuri, Mungu amubariki. Lakini mimi na yeye ndani ya hii, tunakaa pamoja kama bibi na bwana? Watu ya njiani batasema nini? Hapana. Mulete ile yenye iko na nafasi nyuma. Siku ile ile nitakuja."

Alicheka, na sisi tukacheka. Alitupa maharagi, yakajaa mapajani mwangu njia yote, maana hata pa kuweka maharagi hapakuwa. Nilipokuwa naondoka nilimwambia, "Wasingya, asante mama, tutarudi," naye akatupungia mkono akiangalia upande mwingine, kwa ajili ya mkwe wake.

Baada ya hapo nilijaribu njia zote. Nilimwambia mume wangu anifundishe kuendesha, maana mimi ni mtoto wa mama, nikishika usukani mimi hakuna haya. Alicheka wiki nzima, halafu akakubali. Alinipeleka kwenye uwanja wa mpira. Akasema kanyaga hapa, ndiyo embrayage, ile klachi, achia pole pole. Mimi kuachia pole pole ndiyo sijui. Ile gari iliruka kama beberu, ikaenda nyuma badala ya mbele, ikaingia kwenye ua wa watu na kulala juu ya nguo zilizoanikwa. Mwenye ua alitutukana kwa Kinande, maneno ambayo siwezi kuyarudia. Mafunzo yangu yakaishia hapo. Nikamwambia basi atafute shofere, dereva wa kulipwa, amlete mama, siku moja tu.

"Shofere aguse gari hii? Ataua embrayage."

"Na mama yangu je?"

"Mama anavuna kwanza. Akimaliza, nitauza hii, nitaleta jeep. Nakuapia."

Na kweli mama mwenyewe alikuwa anasogeza: nivune kwanza, nianike kwanza, nipande tena kidogo. Kila mtu alikuwa na kesho yake. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wa kwetu alikuja akiwa ameshakua, na meno yake yote.

Vita ya pili ikatufikia. Kila kundi lilikuja na jina lake refu na herufi zake, sisi tulisema tu "basoda", askari. Na jambo la kwanza walilolitaka lilikuwa jeep. Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa na jeep kubwa ya familia, ile hasa niliyoiota. Aliposikia wanazikusanya, alifanya kama walivyofanya wote mjini: akatoa magurudumu, akaipandisha juu ya mawe, akaificha betri chini ya maharagi. Basoda walikuja na magurudumu ya jeep nyingine na betri ya jeep nyingine. Waliyafunga huku wanapiga mluzi, wakamwamuru shofere wake asukume, wakaondoka nayo, wengine wamekaa juu ya paa. Jirani alibaki na mawe yake manne.

Kwetu pia walifika. Mmoja aliingia kwenye ile ya manjano, akaingurumisha, akaiendesha mpaka langoni, tumbo likanasa kwenye mtaro. Akatoka akitukana. "Oyo mutuka ya kosakana," akawaambia wenzake kwa Lingala, yaani hii ni gari ya kuchezea. Wakacheka, wakaenda zao.

Mume wangu alisubiri wapotee kwenye kona. "Umeona? Umeona, mama batoto? Kama ni jeep, leo ingekuwa kwa front, kwa vita!"

Nilienda kufunga lango. Alikuwa amesema kweli. Jeep wangeichukua. Jibu lilinijia baadaye, wakati halikunisaidia tena: wangeichukua, ndiyo, na mama yangu angekuwa ameshafika, yuko chumbani mwake, anaota jua la dirishani na kulalamika juu ya chumvi yangu. Jeep haikuhitaji kudumu. Ilihitaji kwenda Kalunguta mara moja.

Asubuhi moja watu wakaanza kushuka kutoka upande wa Beni, magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba. Walisema kwenye milima ya Kalunguta makundi mawili yamekaribiana, bado hawajaanza, lakini wataanza. Lori zilikuwa hazionekani. Wenye pikipiki walikuwa wameshazificha. Mume wangu hakungoja nimwambie. Alifunga ubao wake juu ya paa. Mimi nilishika mlango wa gari na kuongea kwa kasi.

"Atakataa. Umwambie ni mimi nimesema. Umwambie ni vita, hapana Noeli. Umwambie hata mupadri anaruhusu!"

"Nitamwambia."

Alirudi kabla ya saa sita. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Nilianza kupiga kelele kabla hajazima mota, na majirani wakatoka. Akaniacha nipige kelele mpaka nikaishiwa pumzi, ndipo akanieleza.

Alisimama mwisho wa uwanja, kama siku zote. Mama alikuwa mlangoni, kama siku zote. Alimwambia yote: vita, mupadri, maneno yangu. Mama aliiangalia ile gari. Halafu akasema, akiangalia chini: "Mukwe wangu, aksanti. Umekuja, nimeona. Lakini siwezi. Wewe rudi, tuma gari na mutu mwengine, hata kama ni nani. Mimi nitafunga vitu vyangu, nitangoja." Basi mume wangu akajibu, "Ni sawa, mama." Akageuza gari.

"Ni sawa? Ulisema ni sawa?"

"Ungetaka nimushike mukono? Nimuburute? Mama yako?"

Mwanaume wa kwetu hampandishii sauti mama mukwe, hamrudii neno, hamgusi. Alikuwa amefanya vile mtu aliyelelewa vizuri anavyofanya. Aliniambia, miaka mingi baadaye, kwamba aliposikia "tuma mutu mwengine" alijisikia amepona, maana yeye pia alikuwa anaogopa ile safari, wawili ndani ya kile kichumba, pumzi kwa pumzi, hajui atazame wapi. Sikumlaumu. Nisingemlaumu hata siku ile, kama ningekuwa na akili timamu.

Shofere tulimpata hapo hapo: yule wa jirani, aliyekuwa hana tena jeep ya kuendesha. Mume wangu, ambaye hakuruhusu hata kaka yake kushika ule usukani, alimpa ufunguo na kumwonyesha kwa haraka namna ya kuachia embrayage. Akaondoka. Tulisikia mlio ukipanda mlima, ukafifia. Nilienda kutandika kitanda cha mama. Nilikuwa bado natandika niliposikia mlio unarudi, na nikajua, maana ulikuwa umerudi upesi mno.

Nje ya mji basoda walikuwa wameweka bariyeri, mti wa kufunga njia. Walimwambia shofere njia imefungwa. Yeye aliona bunduki, aliona yuko ndani ya gari ya watu, gari ambayo hata kuilipa hawezi maisha yake yote, akasema "ndiyo chef" na kugeuza. Nani angemlaumu? Mume wangu alikuwa anazijua bariyeri zile. Alikuwa na Lingala ya biashara, alijua kushuka na kucheka na basoda, kutoa sigara, kuita mtu "ndugu" mpaka anainua mti. Alipanda gari mara hiyo hiyo ili aende mwenyewe, aangalie kama anaweza kupita, halafu atafute mtu kule kule wa kumwendesha mama. Alipofika kwenye bariyeri, risasi zilikuwa zimeanza mlimani. Wale basoda walikuwa wamelala kwenye mtaro na hapakuwa tena mtu wa kucheka naye. Kesho yake alijaribu kwa miguu, kwa njia za mashamba. Watu waliokuwa wanakimbia walimgeuza kwa nguvu, mmoja alimkamata shati likachanika.

Tukakaa. Mimi nilifagia kile chumba kila asubuhi. Yeye hakuenda butike.

Njia ilipofunguka, kabla hatujajipanga kwenda, alikuja mama mmoja wa Kalunguta, jirani wa mama yangu, yule waliyekuwa wanachota maji pamoja. Alipoingia lango la parseli bila kusalimu nilielewa. Niliketi chini pale pale nilipokuwa. Mume wangu alitoka, akasimama karibu na mlango. Yule mama alilia nasi kwanza, kama inavyofaa, halafu akasema yaliyotokea.

Siku ile ya kwanza, baada ya mchana, watu wote wa pale walikuwa wanakimbilia vibanda vya mashambani, mbali na barabara. Walimwambia mama yangu, twende, tutakubeba mgongoni kwa zamu. Alikataa. Alisema gari inakuja, mkwe wake ameahidi, na wakifika wasimkute itakuwa ni kumdharau. Yule jirani alibaki naye mpaka asubuhi. Walilala sakafuni, risasi zinapita mbali. Asubuhi mama yangu akanawa, akakaa nje kwenye benchi, na kifurushi chake miguuni.

"Nikamwambia, mama, labda wamekosa mtu wa kuendesha," yule jirani akasema. "Akanijibu: 'Akikosa mutu, atakuja yeye mwenyewe. Na akija yeye, nitapanda. Nimewaza usiku muzima. Mungu atanisamehe.' Nikamwacha, nikaenda kuangalia batoto yangu. Mchana tukasikia ile kubwa, ya kulipuka, imeanguka karibu na barabara. Tuliporudi alikuwa pale pale kwa benchi. Hapana damu mingi. Tulimuzika kwa migomba yake, bila mupadri, mutusamehe."

Mume wangu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Alisema vile? Kama ni mimi, angepanda?"

"Njo vile alisema, baba. Na alikuwa tayari kabisa." Yule mama akapangusa macho. "Kuna kitu kimoja tu hatukukielewa. Jua lilikuwa kali ile asubuhi, na yeye alikuwa amejifunga kikwembe cha pili, kile kizito cha misa. Amekizungusha huku tu, kwa bega la kushoto, mpaka kwa mkono, amekikaza na pini, bega lote limefunikwa. La kuume wazi. Tulifikiri ni baridi ya uzee. Tukamuzika vile vile."

Yule jirani alikuwa hajaiona ile gari kwa ndani. Mimi nilikuwa nimeiona. Kiti cha shofere kiko kushoto, na kile kingine kimesukumwa karibu naye sana, gari yenyewe ni nyembamba, hata mimi mke wake nilikuwa naguswa bega la kushoto na bega lake kila tukiingia shimoni. Niliinua macho nikamwangalia mume wangu, na yeye alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Alishuka pole pole kwa ukuta mpaka akakaa chini, akashika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto, akalia mbele ya watoto.